Robo ya Mwamgongo

Mfuniko wa birika uligonga mara moja jikoni, ukadakwa haraka usigonge tena. Inspekta Eufrasia alifumbua macho gizani. Mumewe, Bonaventura, alikuwa anachemsha chai bila kuwasha taa, kwa sababu mwanga wa jikoni huingia chumbani kwa chini ya mlango.

"Nimeshaamka," alisema Eufrasia.

"Pole. Nilitaka ulale hadi chai iive."

Alitoka akiwa amevaa sweta juu ya sare. Nyumba nyingi za mtaa wa Buzebazeba zilikuwa bado kimya. Bonaventura alimmiminia chai, akamsogezea viazi vitamu vilivyofunikwa kwa sahani.

"Haya, leo nani kaibiwa?" aliuliza.

"Hakuna aliyeibiwa. Kuna binti anashtakiwa kwamba amebuni majibu ya utafiti. Alitumwa Mwamgongo kuwahoji wanawake wanaoanika dagaa. Bosi wake anasema hakumhoji mtu, alikaa mahali akajaza mwenyewe."

"Bosi amejuaje?"

"Anasema namba zenyewe zimemwambia."

Bonaventura alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani. "Basi mkamate namba, umwachie binti."

"Ndiyo naenda kuihoji hiyo namba," alisema Eufrasia, akachukua kiazi kingine cha njiani.

Boti ya mradi ilikuwa inangoja ufukoni Kibirizi. Daktari Telesphory, mkuu wa mradi, alikuwa amesimama kwenye mchanga amevaa viatu vyeusi vya ofisini, amekumbatia mkoba. Alikuwa mtu mnene, mpole, na ilionekana hakulala vizuri. Pembeni yake alisimama Gideon, mmoja wa wahojaji wake wawili, kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma.

"Shikamoo, afande," alisema Gideon.

"Marahaba. Daktari, nieleze tena, na unieleze kama mtu asiyejua lolote."

"Swali letu lilikuwa moja kubwa," alisema Telesphory. "Tulimuuliza kila mwanamke: mvua ya mwisho ilipokukuta umeanika dagaa, kiasi gani kiliharibika? Kijiji cha Mwamgongo kinagawanywa na kijito. Gideon alihoji upande wa kusini. Devota alihoji kaskazini, wanawake kumi na wanne. Afande, wote kumi na wanne wamejibu robo. Robo, robo, robo! Mmoja ana mzigo mkubwa, mwingine mdogo, mmoja yuko karibu na maji, mwingine mbali, na bado mvua imewakata sawasawa kama mkate? Mimi nimefanya utafiti miaka mingi. Watu halisi hawafanani hivyo."

"Na za Gideon?"

Telesphory alifungua simu yake akamwonyesha. "Tazama. Kilo 13.6. Kilo 20.4. Huyu 6.8, huyu 27.2. Kila mtu na lake, na kila moja na nukta yake. Hizi ndizo namba zilizotoka kwa watu."

Eufrasia alizitazama kwa muda. "Nitumie hizi kwenye simu yangu. Na ukirudi leo na uhakika?"

"Devota nimemsimamisha kazi tayari. Nikipata uhakika, nitakuomba jalada liende kwa mwendesha mashtaka." Alishusha sauti. "Sitaki, afande. Ni binti mwenye heshima. Lakini nikikubali namba za uongo, kesho wanawake wale watapangiwa mambo kwa uongo huo."

Kabla hawajapanda, binti mrefu aliteremka mbio kutoka barabarani, ameshika koti la mvua. Alikuwa Devota. Aliwaamkia wakubwa, kisha akamkabidhi Gideon lile koti.

"Uliliacha ofisini. Nilikuja nalo nyumbani siku ile niliyoambiwa nikusanye vitu vyangu. Kule mvua haipigi hodi."

Gideon alilipokea bila kumtazama usoni. "Asante, dada."

Eufrasia alimvuta Devota pembeni, karibu na magunia ya mihogo yaliyokuwa yanangoja boti nyingine.

"Mwamgongo ulifika?"

"Nilifika, afande."

"Ulilala wapi?"

"Kwa mwalimu mmoja wa kike. Siku ya kwanza mvua ilinyesha, sikumuuliza mtu, nikasaidia kuanua dagaa tu, halafu nikaenda kwa mwalimu kukausha nguo. Kesho yake ndipo nilipouliza."

"Na wote wakasema robo."

"Wote. Hata mimi nilishangaa. Nikarudia swali kwa mama wa mwisho. Akacheka, akasema, 'Mwanangu, si nimekwambia robo?'" Devota alitabasamu kidogo, mwanya wa meno yake ya mbele ukaonekana, kisha tabasamu likazimika. "Nikaandika robo. Ningeandika nini tena?"

"Ungeweza kuongeza kidogo huku, ukapunguza kidogo kule, yafanane na ya watu."

"Hapo ndipo ningekuwa nimebuni, afande."

Eufrasia alimtazama, akafunga zipu ya sweta yake. "Nenda nyumbani Mwanga ukamsaidie mama yako cherehani. Simu yako iwe wazi."

Ziwa lilikuwa limetulia. Milima ya Gombe ilipita upande wa kulia, kijani kibichi, na wingu moja zito likiwa limekaa juu yake kama kilemba. Eufrasia alikuwa na simu yake mkononi, anaandika, anafuta, anaandika tena.

"Gideon," alisema, "ulibeba mizani?"

"Mizani ilikuwepo, afande."

"Sijauliza kama ilikuwepo. Kuna milima mingi tu ipo pale, na wewe hukuibeba."

Nahodha alicheka. Gideon aliigeuza kofia yake mbele, kisha nyuma tena. "Tukifika nitakuonyesha," alisema.

Mwamgongo wanawake walikuwa kazini. Ufuko wote wa kaskazini ulikuwa unameta kama fedha kwa dagaa walioanikwa juu ya nyavu kuukuu na maturubai, na kila mwanamke alikuwa na eneo lake, ufagio wake na beseni lake. Wa kwanza kukutana nao alikuwa Frida, mama wa makamo mwenye kitenge cha njano, anayefukuza kunguru kwa kuwatukana kwa Kiha.

"Mwakeye," alisalimu Eufrasia.

"Mwakeye, mama. Karibuni. Daktari, viatu hivyo vitakufa hapa."

"Tunamuulizia binti anayeitwa Devota," alisema Eufrasia. "Alikuja mvua ile ya mwisho. Anauliza watu maswali."

Frida alifikiri, akatikisa kichwa. "Devota? Hapana. Aliyeuliza maswali ni huyu kaka mwenye kofia, ng'ambo kule. Huku kwetu hakuja mtu wa jina hilo."

Telesphory alishusha pumzi. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. "Umesikia, afande."

"Nimesikia. Mama Frida, tuachane na jina. Siku zile mvua iliponyesha, kulikuwa na mgeni yeyote huku?"

"Mgeni hakuna. Tulikuwa sisi wenyewe na mkwe wa Rozalia."

"Rozalia ni yupi?"

Frida alinyoosha kidole kwa bibi mmoja mfupi aliyekuwa amekaa juu ya beseni lililofudikizwa, mwisho wa ufuko. Eufrasia aliinua mguu, na hapo upepo ukageuka. Ulikuwa baridi. Lile wingu la Gombe lilikuwa limeshuka.

"Imvura!" mtu alipiga kelele kwa Kiha. "Mvua! Imvura!"

Ufuko mzima ulisimama kwa pamoja. Hakuna aliyekimbilia chake. Wanawake walikimbilia walipokuwa karibu napo, wakakunja turubai la yeyote, wakakumba kwa ufagio, kwa mikono, kwa kanga. Frida aliruka kwenye eneo la jirani kwa sababu lilikuwa mbele ya miguu yake, huku dagaa wake mwenyewe wakizolewa na mama mwingine aliyetoka majini na nguo zinachuruzika.

"Nyie wageni mmeota mizizi?" Bibi Rozalia aliwapigia kelele. "Mwenye tumbo, shika turubai hilo!"

Daktari Telesphory aliweka mkoba wake chini, akaushika upande mmoja wa turubai. Eufrasia alishika mwingine. Gideon alikuwa tayari amepiga magoti, koti la mvua amelivua na kuwafunika dagaa wa mtu asiyemjua. Matone yalianza makubwa, kisha yakawa bomba. Walikimbia hadi kwenye banda la mabati wakamwaga, wakarudi, wakamwaga tena. Viatu vya ofisini vilibaki kwenye matope, kimoja huku na kimoja kule, na Telesphory aliendelea kukimbia na soksi, akicheka kwa sauti ambayo Gideon, kwa maneno yake, hakuwahi kuisikia ofisini.

Mvua ilipita upesi kama ilivyokuja. Chini ya banda kulikuwa na rundo moja kubwa la dagaa. Eufrasia alilizunguka polepole.

"Mama Frida, wako ni wapi?"

"Wangu?" Frida alicheka. "Mama, dagaa ana jina? Hao hapo."

"Na wa Rozalia?"

"Hao hao."

"Sasa mtatenganishaje?"

Bibi Rozalia aliingia, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Keti uone," alisema. "Ulivyokimbia vizuri, umestahili kukaa."

Wanawake walichambua kwa mikono yenye kasi, wazima upande mmoja, waliolowa hadi kuharibika upande wa pili. Kisha Rozalia alichota kwa beseni lake mwenyewe, hilo hilo kwa marundo yote mawili. Kila alipochota mara nne kwenye wazima, alichota mara moja kwenye walioharibika. Marundo yalipoisha, hesabu ilikuwa karibu hiyo. Kiasi kidogo kilichobaki kilitupiwa kuku.

"Moja katika tano leo," alitangaza. "Mungu ametuhurumia."

Halafu kila mwanamke alisema kiasi alichoanika asubuhi. Frida alianika nusu ya mzigo wa Rozalia, akapewa nusu ya mgao wa Rozalia, wazima na walioharibika. Mama mmoja aliyeanika eneo dogo karibu kabisa na maji, ambako dagaa walikuwa wamesombwa na mkondo, alipewa wazima kama wengine, kwa kadiri ya alivyoanika. Alitaka kushukuru. Rozalia alimkatiza.

"Kesho itakuwa zamu yangu kuwa karibu na maji. Beba beseni lako."

Eufrasia alisimama. "Daktari, njoo uulize swali lako."

"Lipi?"

"Lile kubwa. Waulize wote."

Telesphory, na soksi zake za matope, alimgeukia Frida. "Mama, mvua hii imeharibu kiasi gani cha dagaa wako?"

"Moja katika tano."

Akamgeukia mama wa karibu na maji. "Na wewe?"

"Moja katika tano."

"Na wewe, Bibi?"

Rozalia alimtazama kwa huruma. "Daktari, si umeniona nikichota?"

Banda zima liliangua kicheko. Telesphory hakucheka mara moja. Alilitazama lile beseni, akawatazama wanawake mmoja mmoja, kisha akakaa chini kwenye gunia kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

"Kwa hiyo mvua ile ya mwisho..." alianza.

"Ilikuwa robo," alisema Rozalia. "Kwa wote. Hata yule mkwe wangu alivyouliza kesho yake, tulimwambia. Yeye alikimbia na sisi, lakini wakati wa kugawana alikuwa ameshaondoka akitetemeka kwa baridi."

"Bibi, huyo mkwe wako anaitwaje?" aliuliza Eufrasia.

"Jina sikumuuliza! Mrefu, ana mwanya hapa mbele. Alitoa kile kikompyuta chake, akakifunga kwenye nailoni, akakiweka ndani ya sufuria yangu, akaja kuzoa. Nikawaambia hawa, huyu namtaka awe mkwe wangu. Mwanangu Pastory hajaoa. Basi hapa kila mtu anamwita hivyo, na Pastory mwenyewe hajamwona!"

Frida alijipiga paja. "Kumbe ndiye huyo Devota! Kwangu yale yalikuwa mazungumzo ya mkwe, sikuyahesabu kuwa maswali. Afande, nimesema uongo bila kujua. Nifunge."

"Leo sina pingu," alisema Eufrasia. "Nina swali moja tu bado, na liko ng'ambo."

Walivuka kijito kwa mawe. Upande wa kusini wanawake walikuwa na vichanja vya miti na wavu, kila mmoja nyuma ya nyumba yake, na mvua ilimkuta kila mmoja na lake. Huyu alikuwa amefunika yote, yule alikuwa amepoteza nusu. Mnunuzi mmoja wa dagaa alikuwa na mizani ya kuning'iniza kwenye nguzo. Eufrasia aliwaomba akina mama watatu wajaze mabeseni yao kama wanavyojaza siku zote.

La kwanza lilikuwa kilo 5.9. La pili, lililorundikwa hadi likawa na kichuguu, 7.3. La tatu 6.6.

Eufrasia alifungua simu yake, akampa Gideon. "Soma namba zako. Kwanza hii."

"Kumi na tatu nukta sita."

"Gawa kwa sita nukta nane."

Gideon hakuhitaji kugawa. "Mbili," alisema kwa sauti ndogo.

"Ishirini nukta nne?"

"Tatu."

"Ishirini na saba nukta mbili?"

"Nne. Afande, nimeelewa."

"Daktari bado hajaelewa. Mwambie."

Gideon alivua kofia. "Daktari, hakuna aliyeniambia kilo. Walisema beseni mbili, beseni tatu, beseni moja. Fomu ilitaka kilo. Nikapima beseni moja hapa kwenye hii mizani, likatoka 6.8, nikazidisha kwa wote. Watu niliwahoji kweli, walioumia na wasioumia. Lakini nukta... nukta zote ni za beseni lile moja. Na ulipozisifu mbele ya Devota, nikashindwa kufungua mdomo. Nilidhani yatapita, kumbe mwenzangu anaumia."

Telesphory alishika mizani, akaitazama sindano ikitetemeka. "Kwa hiyo nimemsimamisha kazi aliyeandika alichoambiwa," alisema, "na nimekusifu kwa beseni la mama mmoja." Aliuangalia mstari wa mabeseni, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Afande, unajua rasimu ya ripoti yangu inasemaje? Inasema dagaa wanaopotea ni asilimia 24.87. Nukta themanini na saba! Niliisoma kwa sauti mbele ya wafadhili."

"Hiyo saba ya mwisho ni mtu gani?"

"Si mtu. Ni kompyuta. Wanawake thelathini, kijiji kimoja, mabeseni ambayo hayalingani hata matatu. Nilichokuwa na haki ya kusema ni karibu robo, basi. Na niseme nilikipataje, na kwamba kaskazini hasara wanagawana. Tena hilo la kugawana ndilo lingekuwa habari kubwa ya ripoti, na mimi nililiita kosa."

"Kuhusu jalada?" aliuliza Eufrasia.

"Jalada gani? Nipe simu. Yangu imekamata mtandao wa Burundi."

Walipanda juu ya jiwe ambako simu ya Eufrasia ilishika. Kule Mwanga cherehani ilisikika ikinguruma, kisha ikasimama.

"Devota," alisema Telesphory. "Ni mimi. Nimekosea, tena vibaya. Nimewaona wakigawana. Kesho rudi kazini, na mbele ya ofisi nzima nitasema nililosema vibaya mbele ya ofisi nzima. Gideon yuko hapa, naye ana lake la kukuambia."

Upande wa pili sauti ya mwanamke mwingine, mama yake, ikaanza kupiga vigelegele hata kabla binti hajajibu. Cherehani haikurudi tena. Gideon alipokea simu kwa mikono miwili, akageuka kutazama ziwa, akaongea kwa muda mrefu. Mwishoni alisikika akisema, "Ndiyo, koti limenisaidia sana, dada," akajifuta uso kwa kofia.

Jua lilikuwa limetoka. Walipokuwa wanasukuma boti majini, Daktari Telesphory akiwa pekupeku na viatu vyake vimefungwa shingoni kwa kamba, Bibi Rozalia alikuja akikokota miguu kwenye mchanga. Alikuwa na kifurushi cha dagaa wakavu ndani ya jani la mgomba. Akampa Eufrasia.

"Hiki ni cha binti. Siku ile alikimbia na sisi hadi akaloa, na sisi kwa haraka zetu hatukumpa hata kikombe cha maji. Limenikaa moyoni. Mwambie arudi." Aliushika ukingo wa boti, hakuuachia. "Aje siku ya jua. Asije na maswali. Aje akae tu, nami nimpikie, na nyie wote mje naye."